Hiari ya Teja

Jioni moja baada ya Magharibi, kwenye baraza la Mkunguni mbele ya ngome ya Lamu, mjadala uliwaka juu ya kijana wa mtaa wetu wa Langoni. Alikuwa amekamatwa mara ya tatu, safari hii kwa kuiba mashine ya boti. Mzee mmoja akasema, "Ameyataka mwenyewe. Hakuna aliyemtia unga puani kwa nguvu." Mwenzake akamjibu, "Msimlaumu, bwana. Yameandikwa." Tangu siku ile nazipima kauli hizo mbili.

Ya kwanza ina uzito wake. Tukisema teja hana hiari, tumemvua utu: hatubu, haaminiki, hata kumsamehe hakuna maana. Mama ambaye sufuria yake imeibwa na kuuzwa na mwanawe wa kumzaa haukasirikii upepo. Anamkasirikia mtu, na ana haki.

Wanaosema hiari ni ndoto nao wana ushahidi wao. Mwaka 1983 Benjamin Libet, mtafiti wa Marekani, aliwataka watu wakunje kifundo cha mkono wakati wowote wapendao huku akipima ubongo wao. Akakuta ubongo umeanza kujiandaa kama theluthi moja ya sekunde kabla mtu hajatambua kuwa ameamua. Mimi sioni kwamba hilo lamaliza kesi. Kukunja mkono pasi na sababu ni kitu kidogo mno mbele ya kijana anayepambana na arosto, yale mateso ya kukosa unga, usiku kucha, akijua fika anachokitaka na asichotaka kukitaka.

Na kadari? Wazee wetu wanakijua kisa cha Khalifa Umar. Alikuwa njiani kwenda Sham akapata habari kuwa tauni imeingia huko, akaamua kurudi. Abu Ubayda, kamanda wake, akamuuliza: waikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu: naam, twaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Kwa hiyo "yameandikwa" haijawahi kuwa ruhusa ya kukaa tu. Ila Umar alikuwa na Madina ya kurejea, na hapo ndipo fikra zangu hukwama.

Wakati wa vita vya Vietnam, askari wengi wa Marekani walizoea heroini. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliporudi kwao, na ikaonekana wengi waliacha, wachache tu wakarudia uraibu mwaka ule wa kwanza. Hawakuwa watu wapya. Walikuwa mahali pengine, mbali na muuzaji na mbali na hofu ya vita. Methadoni nayo, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini ambayo hospitali ya Malindi ilianza kuitoa mwaka 2015, haimwamulii mtu chochote. Inaituliza arosto mpaka aweze kuisikia nafsi yake.

Mabaharia wa Amu, yaani Lamu yetu, wanajua kubisha: upepo ukiwa wa mbele, jahazi huenda upande huu na upande ule mpaka lifike. Lakini kubisha kwataka nafasi. Ukiwa ndani ya Mkanda, kule kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku na maji yanatoka, nahodha hodari naye hushika pondo au hungoja maji yajae. Hatumwiti mvivu.

Kijana wetu alipotoka rumande mara ya pili alirudi kwenye kichochoro kile kile, kwa wenzake wale wale. Kazi hakupata, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumpa, nami nikiwemo. Naamini hiari yake ipo, lakini ni nyembamba, na sisi tumezidi kuibana. Mtu wa kwanza kumkaribisha alikuwa yule muuzaji, ambaye sote twaijua nyumba yake. Yeye hana arosto wala njaa. Kila asubuhi anaamka akiwa na akili timamu, anapima, anafunga, anauza. Hakuna mtaani mwetu mwenye hiari kamili kuliko yake, na jioni ile nzima barazani hakutajwa.