Umelipia, Halafu Unazimiwa Mechi

Hili la kuzimiwa mechi za besiboli Marekani linaudhi mno. Unalipia kifurushi cha msimu mzima mtandaoni, halafu timu ya eneo lako ndiyo hiyo usiyoruhusiwa kuitazama mubashara. Skrini nyeusi! Unabaki na redio, unasikia kinanda cha uwanjani na shangwe za watu, huoni kitu.

Jimbo la Iowa halina hata timu moja ya ligi kuu, lakini kwa miaka mingi limefungiwa sita za majimbo jirani: Cubs, White Sox, Cardinals, Royals, Brewers na Twins. Kutoka Des Moines, mji mkuu wa Iowa, hadi Chicago, nyumbani kwa Cubs na White Sox, ni kama saa tano kwa gari, jamani.

Na ligi inajiona haiguswi, maana Mahakama ya Juu ya Marekani iliikinga besiboli dhidi ya sheria za ushindani, zile zinazozuia kampuni kuhodhi soko, mwaka 1922. Bunge lina uwezo wa kuifuta kinga hiyo. Wabunge wanasubiri nini?