Pamba inashtakiwa kwa makosa ya wengine

Ukimuuliza fundi wa makochi kwa nini hashoni kwa kitambaa cha pamba, jibu liko mdomoni: inachuja rangi, inaruka (yaani inafupika ikifuliwa), inashika uchafu, na mteja atarudi na maneno. Nenda kwa wauza mapazia wa Kariakoo, utayasikia hayohayo. Upande wa pili kuna kundi jipya, hasa la wanaojenga nyumba zao za kwanza, linalotaka kila kitu kiwe cha asili, mapazia ya kitani na zulia la katani, kwa hoja kwamba poliesta ni plastiki iliyosokotwa. Hoja hiyo ni kweli. Ila plastiki nayo ina kazi zake, na nitazifikia.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi pamba inavyohukumiwa katika jiji la Dar es Salaam, ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kuitetea. Katika vipimo vya maabara, hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji yanayofikia asilimia 8.5 ya uzito wake mkavu. Poliesta hubeba asilimia 0.4. Maana yake, shuka la pamba la kilo moja lina gramu 85 hivi za maji ndani ya nyuzi zake, na ukilipapasa utaapa kwamba ni kavu. La poliesta lina gramu 4. Hewa ya Dar mara nyingi hupita huo unyevu wa maabara. Sasa fikiria usiku wa Februari, umeme umekatika, feni imesimama. Jasho lazima liende mahali. Kwenye pamba linaingia ndani ya uzi. Kwenye yale mashuka laini yanayoteleza, yenye maua makubwa, linabaki palepale kati ya mgongo na kitambaa, na saa nane za usiku unahamia sakafuni kwenye mkeka. Watu wanalaumu joto. Wengine wananunua kiyoyozi. Shuka halishukiwi hata kidogo.

Lakini sifa ileile inayoipa pamba raha yake ndiyo inayoikaribisha kuvu. Wakati wa masika, pazia la pamba lililogusa ukuta unaovuja linapata madoadoa meusi ambayo hata dawa ya kung'arisha haiyamalizi, kwa sababu kuvu inakula uzi wenyewe. Poliesta haimpi kuvu chakula. Kikiota kitu juu yake, kimefuata vumbi na mafuta. Tena inakauka upesi, jambo lisilo dogo kwa anayeanika kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu huku mvua ikinyesha mfululizo. Na kwenye dirisha linalotazama magharibi, poliesta nyuma ya kioo inavumilia jua kuliko pamba, ambayo inageuka njano na hatimaye inachanika mkononi.

Hayo ni mashtaka ya haki. Yaliyobaki, mengi yanaihusu pamba isiyo pamba. Kitambaa kingi kinachouzwa kwa jina hilo kimechanganywa na poliesta, na muuzaji mwenyewe pengine hajui. Kipimo ni rahisi: omba nyuzi chache za pembeni, zisokote, ziwashie kiberiti. Pamba inawaka moja kwa moja, inanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ya kijivu yanasagika kati ya vidole. Poliesta inajikunja kuukimbia moto, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inaacha kijidonge kigumu kama shanga. Mchanganyiko unatoa vyote viwili, majivu yenye chembe ngumu ndani. Ukifanya hivyo kwenye maduka kadhaa utaona ni wangapi wanaoilaani pamba bila kuwahi kulala juu yake.

Kuruka nako kunaelezeka. Kiwandani nyuzi huvutwa, na maji ya kwanza huziachia zirudi zilikotoka. Pazia la mita 2.5 likiruka kwa asilimia 5 tu linapungua sentimita 12 na nusu, yaani linaning'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka. Dawa yake ni kuloweka kitambaa kabla hakijakatwa, na mafundi wengi wanalijua hilo, ila mteja anataka mapazia Jumamosi. Ndiyo maana mapazia na mashuka mazuri ya pamba katika jiji hili mara nyingi yanatoka kwenye mitumba ya soko la Karume: yameshafuliwa mara nyingi huko yalikotoka, yamemaliza kuruka, na yamelainika.

Hapo pana jambo la kuudhi. Simiyu na Shinyanga zinalima pamba, sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi, nasi tunaisubiri irudi ndani ya mabelo ya mitumba. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa mwaka 1968 ili mambo yasiwe hivyo. Hata lile lawama maarufu duniani, kwamba pamba inakausha mito, halitugusi sana: pamba yetu inategemea mvua.

Kwa hiyo ningegawa nyumba kwa kufuata ngozi. Kinachogusa mwili, yaani mashuka, foronya, taulo na vitambaa vya kuvalisha makochi vinavyovulika, kiwe pamba iliyopita kwenye kiberiti. Dirisha la magharibi liwe na poliesta, au pamba yenye bitana ya poliesta upande wa kioo. Zulia la katani likae sebuleni, mbali na mlango wa bafu, maana likilowa linavimba na doa halitoki.

Pingamizi moja sijalipatia jibu. Pamba inataka kupigwa pasi, inataka kuanuliwa kabla ya umande, inataka kufuliwa mara kwa mara, na katika nyumba nyingi za Dar anayeyafanya hayo ni dada wa kazi, ambaye siku ya kuchagua kitambaa hakuulizwa. Kwake yeye, lile shuka linaloteleza, linalokauka ndani ya saa moja na halijui pasi, lina utetezi ambao gramu zangu 85 haziufikii.