Tofali la kilo 31 haliuziki kirahisi hivyo
Eti tofali la madini ya fedha la wakia 1,000 linauzika haraka sawa na vipande vidogo? Labda kama halijawahi kutoka kwenye ghala linalotambulika, mnunuzi asiwe na shaka nalo. Mimi niko Uingereza, nilinunua la kilo 5 tu nikalificha chini ya ngazi. VAT ya asilimia 20 niliilipa palepale, wakati dhahabu ya uwekezaji haitozwi. Siku ya kuuza, mnunuzi alilipima, akaligonga, akalipitisha kwenye mashine kuhakikisha si bandia, halafu akanitajia bei ya chini kuliko ya soko. Sasa hilo la wakia 1,000 ni kama kilo 31, na huwezi kulikata nusu ukipata shida ya ada ya shule. Kuna aliyewahi kuliuza likitokea nyumbani?