Kuongeza kasi ya feni au kukata mapezi?

Fungua kompyuta iliyotumika muda mrefu bila kusafishwa, utazame mapezi ya alumini yaliyo mbele ya feni, yaani vile vibati vyembamba vinavyotoa joto na kulipa hewa. Vumbi halikutapakaa sawasawa. Limeng'ang'ania kwenye ncha, pale hewa inapoingilia, likashikana kama kipande cha blanketi. Na ubaya wake ni kwamba hapo ndipo pezi hutoa joto kuliko sehemu nyingine yoyote.

Sababu ya ncha kutoa joto zaidi aliifungulia njia mwanafizikia Mjerumani Ludwig Prandtl mwaka 1904. Hewa inayogusa uso mgumu husimama kabisa, na hewa ya juu yake huburutwa nyuma, hivyo hujengeka tabaka la hewa iliyopungua kasi. Kwenye ncha tabaka hilo ni jembamba; likisonga mbele linanenepa, na joto linazidi kupata shida kulipenya.

Sasa tuseme tunataka kupoza zaidi. Kuna wanaosema ongeza kasi ya feni, basi. Hoja yao ina uzito: hakuna kinachobadilishwa umbo. Ila hesabu yake ni kali. Katika mtiririko tulivu, yaani hewa ikiteleza kwa matabaka bila kuchanganyikana, juu ya bapa (uso ulionyooka kama wa pezi), kasi ikizidi mara mbili, uwezo wa kuondoa joto unapanda kwa asilimia 41 hivi, ilhali nguvu ya kushinda msuguano inapanda karibu mara 5.7. Mtiririko ukiwa wa msukosuko, hewa ikivurugika na kuchanganyikana, joto linapanda kwa asilimia 74, na nguvu karibu mara 7.

Wengine wanasema kata pezi refu liwe vipande vinne vifupi vilivyoachana, ili tabaka lianze upya kila mara. Kila kipande kikipata hewa safi, wastani wa joto linaloondoka unafika mara mbili kwa kasi ileile, na msuguano nao mara mbili. Si bure, lakini linganisha na mara 5.7. Mhandisi wa Uingereza Osborne Reynolds alishadokeza mwaka 1874 kwamba kinachobeba joto kutoka ukutani ndicho kinachobeba mwendo; ukitaka kimoja, cha pili kinakuja nacho.

Hata hivyo ulinganifu huo wa Reynolds unahusu msuguano peke yake, na hapa watetezi wa kukata hujisahau. Kipande chenye ncha nene huacha nyuma yake hewa inayozunguka na shinikizo dogo. Ukinzani wa namna hiyo unakula nguvu ya feni bila kurudisha joto la kulingana nao. Vivyo hivyo matuta yanayowekwa juu ya pezi yakisimama kukingama mkondo ili kuivuruga hewa.

Kutetea kuivuruga hewa namna hiyo, mara nyingi utasikia mfano wa mpira wa gofu: mbona vishimo vyake vinapunguza ukinzani? Ni kweli, kwa sababu kwenye mpira ukinzani mkubwa ni ule wa shinikizo, na msukosuko huifanya hewa iushikilie mgongo wake kwa muda zaidi. Bapa lililolala sambamba na mkondo halina mgongo wa kushikiliwa. Mfano mzuri, mahali pabaya.

Mimi ningekata mapezi, tena kwa bati jembamba, mradi hewa imechujwa. Penye vumbi nisingethubutu: ncha nne badala ya moja ni mablanketi manne. Huko heri mapezi marefu yenye nafasi pana, na feni inayopiga kelele kidogo.