Kama Sayuni ingekuwa Eldoret

Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipendekeza kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki. Ndo ule mpango unaoitwa wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, Eldoret ya leo, ilikuwa tu imetoka kuhamishwa kutoka Uganda. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, akaupeleka kwenye kongamano lao kule Basel, Uswisi, mwezi wa nane, wajumbe 295 wakakubali watu watumwe wakaikague, 178 wakakataa, na wale wa kutoka Urusi wakatoka ukumbini wengine wanalia kama wamefiwa.

Naanzia hapa maana nikikaa na Wakristo wenzangu ishu ya Israel ikiibuka, hiki kipande hakitajwi kabisa. Mmoja anakupa Mwanzo 12:3, atakayekubariki nitambariki, atakayekulaani nitamlaani, basi mjadala umeisha, stika ya bendera iko kwenye gari. Mwingine, mara nyingi amesoma soma kidogo, anakwambia Uzayuni ni ukoloni wa wazungu tu, ahadi za agano la kale zimeshatimia kwa Kristo, Myahudi hana cha kudai. Wanarushiana maneno hao wawili utadhani maadui, ila wote wanamhukumu Myahudi kwa Biblia ya kwao, yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza alikuwa anatafuta nini.

Na wala hawajaanza leo. Januari 1904 Herzl alienda kwa Papa Pius X kuomba aungwe mkono, akajibiwa kwamba Wayahudi hawakumtambua Bwana wetu, kwa hiyo Kanisa haliwezi kuwatambua wao, na wakienda kukaa Palestina watakuta makanisa na mapadri wako tayari kuwabatiza wote. Kabla ya hapo alishakutana na William Hechler, kasisi wa Kianglikana pale Vienna, ambaye alikuwa amepiga hesabu zake za unabii akaona saa imefika, akahangaika kumtafutia Herzl njia mpaka akamfikisha kwa Kaisari wa Ujerumani. Hechler nampenda kwa kweli, alikuwa na moyo. Lakini wengi waliokuja kushika mafundisho ya namna yake wanaamini siku za mwisho Wayahudi wengi wataangamia na watakaobaki watampokea Yesu, sasa rafiki wa hivyo sijui unamwitaje.

Herzl alikuwa mwandishi wa habari, dini hakuwa nayo kivile. Miezi michache kabla ya Basel, Pasaka ya 1903, mji wa Kishinev, Urusi ya wakati huo, Wayahudi 49 waliuawa baada ya uvumi kwamba wamemuua mtoto wa Kikristo wakachukua damu yake. Mtu ametoka kusikia hayo ukimtajia Eldoret, ataisikiliza Eldoret. Kwa hiyo anayesema Uzayuni ni unabii tu unatimia anieleze unabii gani ulikuwa tayari kukaguliwa Uasin Gishu. Ni kweli 1905 waliikataa hiyo ardhi moja kwa moja, hapo mvuto wa Sayuni ulishinda, siwezi kuuficha. Ila kilichowasukuma mwanzo kilikuwa hofu, na hofu hiyo waliipata mikononi mwa watu waliobatizwa.

Halafu kuna namba moja hainitoki kichwani, 937. Ni abiria wa meli ya St. Louis, karibu wote Wayahudi, iliondoka Hamburg Mei 1939 kwenda Cuba. Cuba ikawashusha wachache sana, waliobaki wakapita karibu na Florida mpaka wanaona taa za Miami, Marekani ikasema hapana, Canada nayo hapana, meli ikageuza ikarudi Ulaya na baadaye 254 kati yao wakauawa na Wanazi au mambo ya vita ile. Sio kwamba dunia ilikuwa haijui, mwaka mmoja nyuma nchi 32 zilikaa Evian kule Ufaransa kujadili wakimbizi hao hao na karibu kila moja ikatoa udhuru. Nyingi ya hizo ni nchi za Krismasi na kengele za Jumapili. Sasa mtoto wa hizo nchi anaposimama leo kumuuliza Myahudi kwa nini ulitaka nchi yako mwenyewe, mimi naona aibu kwa niaba yake.

Ila rudi Uasin Gishu kidogo. Chamberlain hakuwauliza Wanandi wala Wamaasai, na Wanandi miaka hiyo walikuwa wanapigana na Mwingereza. 1917 Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza aliyewaahidi Wayahudi makao Palestina, naye hakuwauliza Waarabu wa pale, wakati sensa ya 1922 Wayahudi walikuwa kama asilimia 11 tu ya watu wote wa pale. Hapo hoja ya wakosoaji ina uzito na haihitaji agano la kale wala jipya. Na kati ya hao Waarabu wapo Wakristo, ambao mwenye stika ya bendera huwa hawakumbuki kabisa. 2009 walitoa tamko lao la Kairos wakaita ukaliaji wa kijeshi wa Israel kwenye ardhi yao dhambi mbele ya Mungu na wanadamu.

Mfano ni kijiji cha Iqrit, Galilaya, karibu wote Wakatoliki wa Kimelkiti. Novemba 1948 jeshi la Israel liliwaambia wapishe wiki mbili tu. Wakangoja, wakaenda mahakamani, Julai 1951 mahakama kuu ya Israel yenyewe ikasema warudi, halafu tarehe 24 Desemba mwaka huo huo, mkesha wa Krismasi, jeshi likalipua nyumba zote. Hao nao walikuwa wanataka kwao tu, kama wale wa kwenye meli. Kanisa liliachwa limesimama pale kilimani na makaburi, na tangu miaka ya 1970 wanaruhusiwa kurudi kuzika.