Maraga si uamuzi wa 2017 peke yake

Siku hizi Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya David Maraga akitajwa, haswa vile ameingia siasa na anautaka urais 2027, mjadala unarudi palepale, Septemba 1, 2017. Wanaomsifu wanakumbusha vile majaji 4 dhidi ya 2 wa Mahakama ya Juu, yeye akiongoza, walifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta, rais aliyekuwa madarakani. Wanaomlaumu nao wana hoja nzito: tulirudi debeni Oktoba 26, mpinzani wake Raila Odinga akasusia, Uhuru akapata asilimia 98, kuna watu walikufa, na Novemba korti ileile ikaidhinisha matokeo. Sasa tulipata nini?

Swali ni la haki, lakini mimi kazi ya huyu mzee naipima kwa wale majaji 41. Tume ya Huduma za Mahakama iliwapendekeza 2019, 11 wa Mahakama ya Rufaa, 20 wa mazingira na ardhi, 10 wa ajira na leba. Rais akakataa kuwateua, korti ikamwambia lazima, bado akakataa. Hebu fikiria mjane ana kesi ya shamba la marehemu mumewe, shemeji ameshazungusha seng'enge na kupanda mahindi, faili iko, wakili amelipwa, jaji ndio hayuko, kesi inasukumwa tarehe hadi tarehe na mahindi yanavunwa. Majaji 20 wa ardhi jamani, na ardhi ndiyo inauanisha ndugu nchi hii!

Juni 8, 2020 Maraga akaongea na wanahabari, akasema wazi kwamba Rais anapuuza maagizo ya korti na kwamba kumuona imeshindikana. Wengi waliona hapo ndipo alipoharibu, angeenda polepole, Jaji Mkuu hagombani na Rais hadharani. Naelewa, maana alistaafu Januari 2021 hao watu bado wako nje, halafu Juni, wiki chache tu baada ya Martha Koome kuingia kama Jaji Mkuu, 34 wakateuliwa. Ukihesabu hivyo, upole ulishinda.

Lakini angalia walioachwa. Mmoja alikuwa ameshafariki ajalini akingoja, wengine 6 wakarukwa, na kati yao ni Odunga na Joel Ngugi, waliokuwa kwenye jopo lililozima BBI, ule mpango wa Uhuru na Raila wa kubadilisha Katiba, mwezi uliotangulia. Waliapishwa Septemba 2022, baada ya Uhuru kutoka. Kwa hivyo ukimwambia Maraga angepatana na Ikulu, unamwambia angewauza hao, kila jaji mwingine nchini ajue kilichowapata.

Ushauri wake wa kuvunja Bunge Septemba 2020, kisa Bunge kukosa kupitisha sheria ya jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, ulikuja wakati mbaya, korona ikiwa imetubana, hilo nakubali. Ila kifungu cha 261 cha Katiba hakikumpa Jaji Mkuu nafasi ya kuchagua.

Sasa anaomba kura. Aulizwe deni, aulizwe ajira za vijana, usafi wa kortini pekee hautoshi Ikulu. Na siasa za kwetu ni kupatana kutoka asubuhi mpaka usiku, sijui kama anaweza bila kupoteza kile kilifanya tumheshimu, na hilo ndilo linanipa wasiwasi kuliko 2017 yote.