Pingi 200: kwa nini sisi wa Mwanza tuache kupiga kwa pembe

Juzi usiku nilikuwa ndani ya P-51, ndege ya vita ya Wamarekani, mita 3000 juu ya bahari, jamaa wa Messerschmitt, ndege ya Wajerumani, akanikatiza mbele kutoka kulia kwenda kushoto, mbavu wazi kabisa, kama kuku anayevuka Barabara ya Makongoro. Nikabana kitufe na sikukiachia kwa sekunde nne nzima. Bunduki sita za nusu inchi. Hakukwaruzwa hata rangi. Akapanda, akageuka, na dakika moja baadaye nilikuwa nalitazama bawa langu likitangulia kufika majini.

Nyuma yangu alikuwa amesimama dogo mmoja wa Igogo, ambaye huja jioni nikishafunga duka. Nauza vipuri vya injini za boti Kirumba, na kompyuta yangu ya gemu iko chumba cha nyuma, katikati ya maboksi ya propela. Dogo akacheka kwa adabu, akasema, "Kaka, umempigia alipokuwepo. Yeye alishahama."

Nimekaa na maneno hayo siku tatu na nimefikia msimamo ambao najua utawaudhi wengi kijiweni. Sisi tunaorusha ndege za vita mtandaoni kutoka Mwanza tuache kabisa kupiga kwa pembe. Tupige kutoka nyuma, tukiwa karibu, au tusipige.

Kupiga kwa pembe ni kumlenga adui anayekatiza kwa kuweka risasi mbele yake ili vikutane njiani. Aliyekulia na manati analijua jambo hili kabla hajajua kusoma: ukimlenga ndege anayeruka, jiwe linapita mkiani. Unalenga hewa iliyo mbele yake. Shida ni kwamba ndege wa manati yuko hatua kumi na tano, na Messerschmitt yuko mita 300. Risasi ya nusu inchi hutoka na kasi ya karibu mita 880 kwa sekunde, kwa hiyo kufika mita 300 inachukua kama theluthi moja ya sekunde, na kidogo zaidi. Jamaa anayekwenda mita 120 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya kawaida tu, atakuwa ameshasogea zaidi ya mita 40. Ndege yake ina urefu wa mita tisa hivi. Maana yake unatakiwa kulenga mahali patupu, karibu urefu wa ndege tano mbele ya pua yake, na ukikosea kwa urefu wa ndege moja tu umemkosa mzima mzima.

Sasa msogelee hadi mita 100. Hesabu ileile inashuka hadi mita 14. Kaa nyuma ya mkia wake na inakuwa karibu sifuri: anakokwenda ndiko zinakokwenda risasi.

Hiyo ni hesabu ya mtu yeyote, hata anayecheza akiwa Berlin. Sisi tuna nyongeza. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha huduma ya ndege ya kila wiki kati ya London na Mwanza. Mji wetu ulikuwa mwisho wa njia. Nikiangalia pingi yangu, yaani milisekunde ambazo habari hutumia kwenda na kurudi, kwenye seva (kompyuta zinazoendesha gemu) za Ulaya, naona bado tuko mwisho wa njia. Usiku mwema napata 180, usiku wa kawaida 200 na kitu, na ikifika saa tatu, mtaa mzima ukishaingia mtandaoni, inaruka hadi 500 na kurudi kama mtumbwi kwenye mawimbi ya Julai. Kwa pingi ya 200, habari ninazozipata kuhusu jamaa zimechelewa, na amri yangu ya kufyatua nayo inachelewa kumfikia. Kwa mita 120 kwa sekunde, sehemu hiyo ya tano ya sekunde ni mita 24. Karibu ndege tatu zikipangwa mkia kwa pua.

Programu za gemu si mjinga. Zinabashiri: zinachukua alikokuwa na kasi aliyokuwa nayo, zinamsogeza mbele kwenye kioo changu. Akienda moja kwa moja ubashiri uko sawa. Akivuta kona ghafla ubashiri unaharibika, ndiyo maana mnaona ndege inaruka kama imekanyaga jiwe. Na hapo ndipo watu wetu hupenda kufyatua, katikati ya kona, kwa pembe, kwa mita 400, halafu wanatukana bando.

Bando haina kosa. Yaani ina kosa, lakini si hilo.

Marubani wenyewe waliolipa kwa damu walishalimaliza suala hili. Spitfire ya mwanzo, ndege ya vita ya Waingereza, ilikuwa na bunduki nane, kila moja risasi 300, na ukibana kitufe bila kuachia zote zinakwisha kwa sekunde 15 hivi. Sekunde 15 kwa safari nzima! Bunduki zile zilikaa kwenye mabawa, mbali na pua, kwa hiyo mafundi walizielekeza ndani kidogo ili mikondo ya risasi ikutane mahali fulani mbele. Mwanzoni mahali hapo paliwekwa yadi 400. Sailor Malan, Mwafrika Kusini aliyekuwa kati ya marubani hodari wa Uingereza, akaziweka zake zikutane yadi 250, na akawaandikia wenzake kanuni kumi. Ya kwanza inataka usifyatue mpaka uone weupe wa macho ya adui, kisha upige kwa sekunde moja au mbili tu. Upande wa pili Erich Hartmann, Mjerumani aliyehesabiwa ndege 352, idadi ambayo hakuna rubani aliyeifikia, naye alingoja hadi adui ajaze kioo chote cha mbele. Alipigania utawala mchafu na siweki picha yake ukutani. Hesabu yake naichukua.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza haugharimu hata shilingi: ingia kwenye mipangilio ya ndege yako, tafuta umbali wa risasi kukutana, ushushe. Wengi wanauacha kama walivyoukuta. Mimi naweka mita 200 kwenye ndege yenye bunduki za mabawani. Ukiuweka 500 halafu ukampiga mtu aliye mita 80, mkondo mmoja unapita kushoto mwake na mwingine kulia, na mwili wa Messerschmitt, ukiondoa mabawa, una upana wa kama mita moja. Yeye mwenyewe, kuanzia matoleo ya katikati ya vita, mzinga wake unapigia katikati ya propela, basi hana wasiwasi huo. Namwonea wivu.

Lakini kusogea karibu si suala la bunduki. Ni suala la kufika. Na hapa ndipo kijiwe chetu kinaponichosha, kwa sababu kila mgeni anayeketi kwenye kiti anataka kuzunguka. Anamwona adui, anavuta fimbo hadi tumboni, wanazungushana duara kama majogoo, kasi inawaishia wote wawili, halafu anatokea mtu wa tatu kutoka juu na kuwaokota kama dagaa waliosahaulika juani. Mwaka 1942 Wamarekani walijifunza kwa machungu kwamba Zero, ndege ya vita ya Wajapani, haizungukwi. Waliokataa kuzunguka nayo, wakashuka kwa kasi, wakapiga na kupitiliza, ndio waliorudi.

Nenda Mwaloni asubuhi ukaangalie mwewe. Hazunguki na mama muuza samaki. Anakaa juu, anatazama, anachagua mzembe, anashuka mara moja, na akikosa hashindani, anapanda tena kwa mwendo uleule alioshukia. Au mfikirie mtu mwenye baiskeli juu ya kilima cha Bugando: amesimama tu, lakini kasi yake yote iko palepale chini ya miguu yake, haijatumika. Aliye bondeni lazima akanyage pedali. Hilo ndilo jambo zima la kimo. Mita 1000 za ziada zinakupa ruhusa ya kuchagua lini pambano lianze na, muhimu zaidi, lini uondoke.

Wavuvi wananielewa upesi kuliko wachezaji. Ukiwa na boti ukimkimbiza mwenzako anayekata kona kuelekea Ukerewe, pua yako ukiielekeza mbele yake utamkaribia haraka lakini huenda ukampita. Ukiielekeza nyuma ya mkia wake utabaki kwenye kona yake bila kumpita, na unangoja anyooke. Angani ni hivyohivyo, isipokuwa una mlango wa juu: ukiona unamkaribia kwa kasi mno, panda kidogo, geuka ukiwa mwepesi huko juu, halafu mwangukie ndani ya kona yake. Watu wanaiita yo-yo ya juu. Mimi imenichukua miezi minne na bado naikosea, maana huku juu mgeni huingiwa na hofu ya kumpoteza adui machoni na kushuka mapema.

Na hili la kukabiliana uso kwa uso, sitalirefusha. Mnakaribiana kwa mita 240 kwa sekunde. Kutoka mita 400 hadi kugongana hazifiki sekunde mbili. Huo ni urushaji wa shilingi, tena kwa pingi yetu shilingi yenyewe imeshaanguka kabla hujaiona.

Dogo hakubaliani nami. Anasoma uhandisi, na jana alikuja na karatasi. Anasema hesabu yangu ya mita 24 ni ya kutisha watoto: seva inabashiri, kwa hiyo kosa halisi ni lile la kona tu. Mtu akivuta kona kali inayomkandamiza kwa mara tano ya uzito wake, ndani ya sehemu ya tano ya sekunde anatoka kwenye ubashiri kwa mita moja. "Mita moja, kaka! Na unailaumu intaneti?" Akanikumbusha Hans-Joachim Marseille, rubani Mjerumani wa vita ileile, aliyehesabiwa ndege 158, wengi wao Afrika Kaskazini, na sifa yake ilikuwa hiyohiyo ninayoikataza: kupiga kwa pembe, ndani ya kona, bila kukaa mkiani.

Nimeikagua karatasi. Yuko sawa, kwa usiku tulivu. Ila mita moja ndiyo upana wa ule mwili niliousema, na pingi ikifika 500 mita moja yake inakuwa mita sita, kwa sababu kosa la kona hukua kwa mraba wa muda. Isitoshe, gemu zenyewe hazifanani: kuna ambazo kompyuta ya mpigaji ndiyo inayoamua kama risasi imegusa, na kuna ambazo seva ndiyo hakimu. Kwenye hizo za kwanza dogo ana hoja nzuri kuliko yangu. Na kuhusu Marseille, yeye hakuwa anapitishiwa adui wake kwenye nyaya za chini ya bahari.

Dogo mwenyewe, niseme ukweli, hupiga kwa pembe na hupata. Labda ni manati ya Igogo. Labda ni miaka kumi na tisa.

Tumekubaliana Jumamosi saa moja jioni, kabla mtaa haujaingia mtandaoni. Yeye atachukua Messerschmitt, makusudi. Mimi nitakuwa mita 5000, jua mgongoni. Nimemwambia aje na bando lake.